Fundi Aliyefuata Kosa Lake Hadi Mbingu

Wasikilizaji wapendwa, habari za jioni. Vuteni viti karibu. Mwenye sufuria jikoni apunguze moto, maana mtu tunayemkumbuka leo hakupenda kitu kiungue.

Ni Mzee Eustaki Matimbwa, fundi pikipiki wa Kibaoni, Ifakara. Ametutoka juma lililopita, akiwa mzee wa vitukuu. Nasema tena kwa waliochelewa kufungua redio: Mzee Eustaki Matimbwa, fundi pikipiki wa Kibaoni, hatunaye tena.

Turudi nyuma, miaka ya hamsini, kabla ya Uhuru. Pikipiki za Ifakara zilikuwa za kuhesabu kwa vidole. Eustaki alikuwa kijana mwembamba, ametoka Morogoro kujifunza ufundi kwenye gereji ya Singasinga mmoja. Vifaa vyake vyote viliingia katika mfuko wa turubai. Moyoni alikuwa na jambo moja tu: Scolastica, binti wa Mzee Apolinari, mnunuzi wa mpunga. Mshenga alikwishakwenda. Mzee hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alisema, "Nitamtazama." Wasikilizaji, mkwe akisema atakutazama, hata kukohoa unakohoa kwa adabu.

Basi siku moja Apolinari akaja na pikipiki yake, aliyoinunua kwa bwana shamba mmoja aliyehama. Kesho yake alikuwa na safari ya Chita, kutazama mpunga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Fundi, hii pikipiki inanitia aibu. Tik-tik-tik, kama cherehani! Watu wananicheka. Inyamazishe."

Sasa hapo pana ufundi, nisikilizeni taratibu. Injini ina vilango viwili, vinaitwa valvu. Kimoja huingiza hewa na petroli, kingine hutoa moshi. Vyuma vinavyovisukuma huitwa tapeti. Kati ya tapeti na valvu lazima ibaki nafasi ndogo. Eustaki aliipima kwa wembe wa kunyolea: ukipita kwa kukwaruza kidogo, basi, iko sawa. Nafasi hiyo ndiyo inayotoa ule mlio. Na kwa nini iwepo? Chuma kikipata moto hurefuka. Ukikinyima nafasi, kilango hakifungi, moto unapenya, valvu inaungua. Narudia: mlio kidogo ni uzima.

Eustaki akapima. Wembe ukapita sawasawa. Pikipiki haikuwa na ugonjwa wowote. Akafungua kinywa aseme hivyo, akamwona mzee amekunja uso, akamkumbuka Scolastica. Kinywa akakifunga. Akashika spana, akabana, hata karatasi isingepita. Pikipiki ilipowashwa, tik-tik haikusikika tena. Apolinari akacheka mpaka magego yakaonekana, akawaambia majirani, "Huyu ndiye fundi!"

Asubuhi mzee akaondoka. Eustaki akabaki na sifa zake, nazo hazikumkalia vizuri. Aliijua njia ya Chita. Alijua tembo wanapokatiza, na mvua zilikuwa zimekaribia.

"Chai ilimshinda," anasema Bibi Scolastica, niliyezungumza naye juzi. "Aliniambia baadaye, kila alipomeza alimwona baba yangu anasukuma pikipiki porini, peke yake."

Akaazima baiskeli, akavaa mfuko wake begani, akamfuata.

Bahati yake, Apolinari hakuwa mtu wa kupita mji wa watu bila kusalimia na kuulizia mpunga. Eustaki alimkuta Mbingu. Si ile ya peponi, wasikilizaji. Ni Mbingu yetu, ya njia ya Mlimba, ingawa kijana wa watu alifika na jasho la kutosha kuingia hata ile nyingine. Pikipiki ilikuwa imekosa nguvu, inakohoa na kuzimika, na mzee anaipiga teke.

"Umefuata nini huku, fundi?"

"Nimefuata kosa langu, mzee. Pikipiki yako ilikuwa nzima. Nimeibana ili unifurahie. Ukiendelea nayo hivi, itaungua."

Apolinari akamtazama. Safari hii alimtazama kweli.

"Haya, itengeneze niende."

"Bado, mzee. Mpaka ipoe."

"Si umwage maji!"

"Maji yatapasua kichwa cha injini. Na tapeti hazipimwi injini ikiwa ya moto. Singasinga wangu alikuwa akisema, 'Injini moto sema uwongo.' Tusubiri."

Wakasubiri. Hebu fikirini: mkwe na mposaji kwenye upenu mmoja wa nyumba ya watu, hakuna pa kukimbilia. Mwenyeji wao, asiyejua lolote, akawaletea wali na kambale katika sinia moja. Kwa Apolinari haikuwa desturi mposaji kula na mkwe kabla ya jibu. Lakini njaa nayo ina desturi zake. Wakanawa, wakala.

Mwishowe mzee akauliza, "Ungenyamaza, nani angejua? Mimi ningesema ni ukuukuu wa pikipiki."

"Ningejua mimi, mzee. Na ningeishi na binti yako nyumba moja nikiwa najua."

Jua lilipopungua makali, Eustaki akaweka kiganja juu ya injini, kikatulia. Ilikuwa imepoa. Akalegeza tapeti, wembe ukapita. Valvu ilikuwa bado nzima. Pikipiki ikawaka na kelele zake zote. Apolinari akapanda, akaenda zake Chita. Habari ya Scolastica hakuigusa.

Jibu lilirudi naye. "Baba hakuvua hata viatu," anakumbuka Bibi Scolastica. "Alimwambia mama, 'Yule kijana apewe mke. Siku akimkosea mtoto wetu, hatutangoja kuambiwa na majirani.'"

Nikamuuliza, "Na alikukosea, bibi?"

Akacheka, huku anapangusa macho kwa pembe ya kanga. "Mara nyingi, mwanangu. Lakini kila mara alikuja kuniambia mwenyewe."

Bibi Scolastica, pole sana. Pole kwa mwanao Fridolin, kwa wajukuu na vitukuu, na kwa mafundi wote wa Kibaoni waliopitia mikononi mwa mzee. Mungu ampumzishe mahali pema, na sisi tunalia pamoja nanyi.

Nasi tuliobaki, tujiulize jioni ya leo. Pengine yuko mtu njiani sasa hivi, amebeba kosa lako, na hajui. Wewe unajua. Zima redio, umfuate.