Somo la Kulalamika

Benchi letu nje ya duka la Firoz, hapa Shinyanga mjini, lina miguu mitatu na tofali. Siku ile lilikuwa na kesi. Baba Hosiana, mwenzetu mwenye Parkinson, ugonjwa unaomtetemesha mkono na kumkaza mwili, mwezi uliopita alitoka kliniki bila kuongezewa dawa. Nesi alitaka kupima maisha yake yanakwendaje, akamuuliza habari za mwili, za usingizi, za kuvaa. Yeye akajibu kama alivyolelewa: nzuri, nzuri, nzuri. Akaonekana anaishi vizuri kuliko sisi sote. Kesho anarudi, na kwa kuwa tunampenda, tukaamua kumfundisha kulalamika.

Firoz akawa nesi.

— Habari za mikono, mzee?

— Mhola duhu.

— Kwa Kiswahili.

— Nzuri tu.

— Nzuri, na kahawa iko kwenye suruali?

— Nzuri kidogo.

Mwamba, mchimbaji wa dhahabu kule Nyarugusu, akatikisa kichwa.

— Wahenga walisema mtoto akililia wembe, mpe. Wewe hulilii hata kijiko.

Akashauri maisha yapimwe kama mchanga wa dhahabu: yasagwe, yaoshwe kwenye karai, kinachobaki chini ndicho maisha.

— Na kisipobaki kitu? — akauliza Firoz.

— Unahamia duara lingine, unachimba shimo jipya.

Maduhu, muuza kahawa, alitaka manesi wahesabu kamati za harusi zinazomwomba mtu mchango: mgonjwa asiyechangishwa, huyo yuko hoi. Tukampinga. Kutochangishwa ndiyo afya yenyewe. Mwamba akaongeza kwamba serikali iajiri mtu wa kutetemeka kwa niaba ya mgonjwa wiki moja, kisha aulizwe yeye. Mwishowe Firoz akatoa amri: kuanzia sasa, kwenye benchi hili ni marufuku kusema “nzuri”. Sema kweli au nyamaza.

Hapo Mama Hosiana akaja kumchukua mumewe.

— Habari za hapa?

Mwamba, ambaye duara lake limejaa maji, akatazama kikombe. Firoz, ambaye mgongo unamtesa, akafunga kifungo kilichokwishafungwa. Mimi nilitafuta neno lingine, nikalikosa.

Baba Hosiana hakuwa na haraka. Uso wake siku hizi hausogei, hatukujua linakuja jibu lipi.

— Usiku nashindwa kujigeuza, Mama Hosiana. Naona haya kukuamsha.

Maduhu akaacha kumimina. Mama Hosiana, ambaye hajawahi kukaa benchi letu, akasogeza kikombe cha Mwamba, akakaa.

— Huniamshi, — akasema. — Huwa niko macho, nangoja uniite.