Mzee Kiilu, Bwana Harusi Aliyengoja Rangi Ikauke

Mzee Jonah Kiilu Mbuvi, tunayemsindikiza leo tukiwa na shukrani nyingi kuliko machozi, alizaliwa mwaka wa 1938 huko Kabati, Kitui. Alikuwa mtoto wa pili wa marehemu Mbuvi Ndululu na marehemu Mumbua. Tarehe haikuandikwa popote, lakini mama yake alisema ulikuwa wakati wa kuvuna mbaazi, na kwamba mtoto alichelewa kutoka hadi mkunga akaomba uji. Wanaomjua Mzee hawashangai.

Alisoma shule ya msingi hapo Kabati hadi darasa la saba, akamaliza mwaka wa 1955. Mwalimu mmoja alimwomba amkazie mnyororo wa baiskeli wakati wa chakula cha mchana. Kiilu aliifungua baiskeli yote, akaipangusa kila kipande, akaipaka mafuta, akairudisha ikiwa mpya kabisa. Mwalimu alikuwa ameshaenda nyumbani kwa miguu.

Mwaka wa 1957 alipata kazi katika gereji moja mjini Machakos, na huko ndiko alikojifunza kunyoosha bodi za magari na kupaka rangi. Alikuwa na mkono wa pekee. Mlango uliobonyea alikuwa akiupapasa macho yamefumbwa, halafu anagonga mahali pamoja, na bati linarudi mahali pake. Mwaka wa 1968 alihamia Kathonzweni, akapata shamba, akajenga kibanda cha mabati kando ya nyumba na kuanza kazi yake mwenyewe. Magari ya watu aliyamaliza kwa siku aliyoahidi. Lakini mganga hajigangi, na gari lake mwenyewe lina historia nyingine.

Historia hiyo haiwezi kuelezwa bila ndoa yake. Mwaka wa 1963 alimpenda Kasyoka, binti wa Kwa Vonza, na mbuzi wa ntheo, wale wa kuthibitisha ndoa, wakapelekwa kwa wazazi wake kama desturi yetu inavyotaka. Akawa mke. Siku ya kumchukua, lori waliloahidiwa halikutokea, na bibi harusi alitembea kutoka Kwa Vonza hadi Kabati, sanduku kichwani, vumbi hadi magotini. Kasyoka aliichukulia kama safari tu. Kiilu hakuwahi kuisahau. Alijiapiza kwamba siku watakapobariki ndoa yao kanisani, mke wake atapanda gari, tena gari la mumewe.

Mwaka wa 1972 wote wawili waliokoka. Kwa utaratibu wa kanisa letu, wasiobariki ndoa hawakukaribia Meza ya Bwana. Kwa hiyo kila mkate na kikombe vilipopitishwa, Mama Mbula, kama alivyoitwa baada ya kumpata binti yao wa kwanza, alibaki kwenye benchi la nyuma akiangalia mikono yake. Alikuwa mwimbaji, alikuwa mkarimu, alifagia kanisa, lakini mezani hakuitwa. Jambo hilo lilimuuma, na hakulificha. Alipomwuliza mumewe watabariki lini, jibu lilikuwa moja: gari likiisha.

Gari lenyewe aliliona mwaka wa 1974 nyuma ya duka moja huko Kwa Vonza. Lilikuwa Peugeot 403 ya zamani, isiyo na magurudumu, kuku wakitagia kiti cha nyuma. Mzee alilipata kwa kubadilishana na fahali, na lori likalileta hadi kwenye barabara kuu. Kutoka barabarani hadi nyumbani, likiwa na magurudumu ya kuazima, lilivutwa na ng'ombe wa kulimia, Mzee akishika usukani kwa heshima zote na ndugu yake Kiema akitembea mbele na kiboko. Mama Mbula alisimama mlangoni akacheka hadi akakaa chini.

Kicheko kilipungua kadiri miaka ilivyopita. Mzee alikwangua kutu, akaunga sakafu upya, akanyoosha, akapaka rangi ya msingi, akaona kasoro ambayo hakuna mwingine aliyeiona, akakwangua tena. Rafiki yake mpendwa, Bwana Evanson Wahome wa Sultan Hamud, aliyekuwa akiuza vipuri, alimtafutia taa, raba za vioo na bampa kutoka magari yaliyokufa. Msasa wa maji nao ulitaka maji, na maji ya nyumba hiyo yaliletwa na punda kutoka mtoni. Mama Mbula alivumilia mengi, lakini si kuona maji ya mtungi wa kupikia yakimwagiwa bati. Katika ukame wa mwaka wa 1984 Mzee mwenyewe alilifunika gari kwa magunia na hakuligusa hadi mvua iliporudi. Kwa hilo mkewe anamshukuru mpaka leo. Mzee alipenda kusema subira huvuta heri. Mama Mbula alimjibu kwamba heri yao ilikuwa imechoka kuvutwa.

Hatimaye Mchungaji Kilonzo alipanga ibada ya kubariki ndoa Jumamosi tarehe 6 Desemba 1986, na Mzee akakubali. Kilichobaki kilikuwa rangi ya mwisho, rangi ya maziwa. Alijua vumbi la Kathonzweni haliwezi kuiacha rangi mbichi, kwa hiyo alingoja mvua ya kwanza ilaze vumbi. Mvua ikanyesha wiki hiyo hiyo ya harusi. Akapuliza rangi mchana wote kwa mashine aliyoazimwa na Wahome, ikatulia kama maziwa yaliyotoka kuganda. Giza lilipoanza kuingia, furaha ilimzidi. Akawasha karabai na kuitundika kibandani ili aitazame kazi yake vizuri.

Kila mtoto wa Ukambani anajua kwamba ukitaka kumbikumbi, subiri mvua ya kwanza, kisha washa taa. Mzee pia alijua. Jioni hiyo alisahau. Walitoka ardhini kwa maelfu, wakaifuata taa, wakatua kwenye boneti, kwenye paa, kwenye milango, na wote wakaganda hapo. Asubuhi kuku walipanda gari na kumaliza walichoweza. Mabawa yalibaki ndani ya rangi, na nyayo za kuku juu yake.

Mzee alikaa juu ya debe akaliangalia gari muda mrefu. Kisha akaingia jikoni na kumwambia mkewe kwamba itabidi Mchungaji aambiwe asogeze siku hadi Pasaka, ili yeye akwangue yote, aanze upya. Mama Mbula alikuwa akichagua maharagwe. Hakuinua sauti.

"Baba Mbula, wewe kwangua. Jumamosi mimi naenda kanisa na miguu. Kama unataka kunioa, utanipata huko."

Na Jumamosi alienda kweli. Alivaa gauni lililoshonwa na wanawake wenzake wa kikundi cha mwethya, wale aliochimba nao mitaro ya mashamba kwa miaka mingi, na wote wakamzunguka wakiimba barabarani. Walikuwa wamepita nusu ya njia waliposikia gari nyuma yao. Mzee alisimamisha, akashuka akiwa na suti, akasimama kando ya mlango bila kuufungua. Akasema kwa sauti ya chini kwamba gari haliko sawa.

"Hata sisi hatuko sawa," Mama Mbula akamjibu, "na Bwana ametungoja tu. Fungua mlango."

Akafungua. Waliingia kanisani saa nne na nusu, na Jumapili iliyofuata, kwa mara ya kwanza, waliketi mbele na kupokea mkate pamoja. Waliokuwepo wanasema Mzee alilia na Mama Mbula hakulia.

Rangi ile hakuikwangua tena. Gari hilo lilibeba akina mama wajawazito hadi hospitalini Makueni, likabeba mahindi ya yatima, likabeba Mchungaji kwenda mazishini, na watoto wote wa jirani walilijua kwa mabawa yake. Watu wengi walio hapa leo walilipanda, na kwa niaba ya Mzee tunawashukuru kwa kulisukuma.

Mwaka wa 1996 Mzee alianza kuugua kifua na moyo. Alitibiwa Makueni, madaktari na wauguzi wakamtunza kwa upendo, na familia inawashukuru. Mapema Agosti mwaka huu alilazwa tena. Siku ya Alhamisi Mchungaji Kilonzo alileta Meza ya Bwana kitandani, na mume na mke wakashiriki. Mchungaji alipotoka, Mzee alimshika mkewe mkono.

"Mama Mbula, kama ungeningoja, ningekufa nikipiga msasa. Asante kwa kukataa."

Alilala Ijumaa alfajiri, tarehe 14 Agosti 1998, mkono wake ukiwa bado mkononi mwa mkewe.

Mzee Kiilu ameacha mjane, Mama Kasyoka; watoto Mbula, Musyoka, Mutiso na Ndanu; ndugu yake Kiema; wajukuu; rafiki yake Bwana Wahome; na kanisa lililompenda. Bwana alitoa, naye ametwaa, na katikati alitupa Mzee huyu. Tunasema asante.

Pumzika kwa amani, Baba Mbula. Safari hii umefika kwa wakati.