Mzee Upande wa Pili

Marehemu baba yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mzee Upande wa Pili kwa kupenda kwake kugeuza santuri na kupiga upande usiopigwa na mtu, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya ghala la mbao. Alikuwa mtoto wa nne wa fundi viatu na mkunga.

Alimaliza darasa la nane mwaka 1966, kisha akasomea ufundi redio. Mwalimu aliandika kwenye ripoti yake kwamba kijana huyu anasikiliza redio badala ya kuitengeneza. Baba aliitundika ripoti hiyo ukutani kwake mpaka ikawa na rangi ya chai.

Kwa miaka arobaini na minne alitengeneza redio kwenye chumba chetu cha mbele, kati ya dobi na duka la vioo. Kila Jumapili saa kumi alasiri alifungua dirisha, akatoa mabenchi nje na kuwapigia majirani santuri ambazo dunia ilizikataa: masomo ya kupiga taipu, bendi ambayo mpiga tarumbeta wake alianza kupuliza kabla ya zamu yake, hotuba ya kufungua kinu cha unga iliyomezwa na kilio cha mtoto mchanga. “Msikilizeni huyo mtoto,” alisema, “leo ana mvi.” Majirani walimtania kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Yeye alijibu kwamba santuri hazina miguu, ndiyo maana anazitembeza. Mimi, bintiye wa kwanza, niliona haya nikajifungia chumbani. Haya ya nini, jamani? Ningejua ningekaa benchi la mbele.

Hata Mama, Baba alimpata kupitia santuri. Mwaka 1975 muuza duka alimpa moja ya kwaya ya kiwanda cha nguo, iliyokosa wanunuzi kwa sababu ya kosa: kabla ya wimbo kuanza, msichana anacheka na kusema, “Ngojeni, sijawa tayari.” Hakuna aliyeikata sauti hiyo. Baba aliisikiliza wiki nzima, kisha akaenda kusimama kwenye geti la kiwanda akiuliza ni nani hakuwa tayari. Wanawake wote walimwonyesha mshonaji mmoja, naye akakana miezi mitatu. Walifunga ndoa tarehe 6 Agosti 1977. Alipoulizwa kama anakubali, Mama alijibu, “Sasa niko tayari.” Watu walicheka hadi shughuli ikasimama.

Mwaka 2022 moyo wa Baba ulianza kuchoka. Agosti iliyopita alilazwa, akaomba santuri moja tu. Mjukuu wake aliirekodi kwenye simu, Mama akamwekea sikioni. Alitabasamu kila ilipofika pale pa kosa.

Jumanne tarehe 9 Septemba 2025, saa nne asubuhi, daktari alituambia tuagane naye. Simu ilikuwa imezimwa. Mama alimshika mkono, akamwinamia na kusema kwa sauti yake mwenyewe, “Ngoja, sijawa tayari.”

Miaka yote hiyo Baba alimngojea Mama. Siku hiyo hakuweza. Tumeumia, wala sitawadanganya kwamba tumejikaza.

Marehemu ameacha mjane, mabinti wawili, mtoto mmoja wa kiume, wajukuu sita na santuri mia saba na kumi. Jumapili saa kumi dirisha litafunguliwa. Mama ameshachagua ya kwanza.

Pumzika kwa amani, Baba. Ila huko uliko, tafadhali, mngoje.