Vikwazo vya Urusi na Godoro la Tantine

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe hata leo, ijapokuwa ninasimama mbele yenu na aibu.

Mnanijua, mimi Mama Feza wa mapiesi. Nilikuwa ninauza vipuri vya malori ya Kirusi, yale ya zamani yanayokwenda Bafwasende. Mungu alinibariki! Kisha mambo yakaharibika. Nilituma malipo Urusi, banki ikayarudisha. Nikatuma tena, yakarudi. Rafu zikabaki tupu, madereva wakanikimbia, nikalia hadi macho yakavimba.

Ndugu zangu, nilikuja kuombewa katika chumba hiki hiki. Nikaambiwa kuna mzee nyumbani mwangu anayefunga biashara yangu kwa uchawi. Mzee gani? Nilikuwa na mmoja tu, Tantine Zawadi, dada yake papa, aliyenilea tangu mama alipokufa. Ole wangu! Nilitupa godoro lake barabarani, majirani wakitazama. Alisema neno moja tu: "Mutoto yangu, mimi banki niliingia siku gani?" Akapanda pikipiki, akaenda Bengamisa.

Nikakaa siku saba bila kula, nikiomba. Nikarudi banki. Dada wa dirishani akanihurumia. "Mama, haiko weye. Ile inchi iko na sanctions, vikwazo vya inchi kubwa. Kila mutu mwenye anatuma kule, pesa inarudia. Hata bapatron ba mamagazini, bale matajiri ba maduka!"

Nilitoka banki, nikatafuta pikipiki ya Bengamisa. Mambo ya wakubwa wa dunia, na mimi nilimwadhibu mama mzee asiyejua hata kusoma!

Nilimkuta Bengamisa analala jikoni kwa watu. Habari kwamba ni ndoki, mchawi, ilikuwa imetangulia kufika, na watoto walikuwa wanamkimbia. Nilipiga magoti. Alinisamehe kabla sijamaliza kusema, na hilo liliniumiza kuliko matusi.

Biashara imekufa, ndugu zangu, siwadanganyi. Sasa ninauza pondu, majani ya muhogo, na siku nyingine hayauziki. Lakini Yesu amenitoa katika uongo, ninamshukuru! Mtegemeeni yeye, msitafute mchawi kati ya wanaowapenda.

Leo nimekuja na Tantine. Yuko nje, karibu na mlango. Amekataa kuingia, anasema humu ndimo alimohukumiwa. Mimi nimemwomba hadi nimechoka. Nani kati yenu atatoka sasa akamshike mkono?