Mashirikisho Mawili kwenye Benchi Moja

Benchi letu liko nje ya duka la Fundi Cherehani, pale Mama Kahawa anapoweka birika lake. Wenyewe tuko wanne: Fundi mwenye kibaraza; Redio, yaani kinyozi wa mlango wa pili, ambaye hajawahi kuzimika; Katiba, yaani muuza vipuri vya baiskeli, anayetaja vifungu vya katiba ambazo hajazisoma; na mimi, ninayekuja kusikiliza tu, ingawa Mama Kahawa anasema huo ni uongo. Asubuhi hiyo utani ulichelewa kuanza. Binti wa Fundi alikuwa ameachwa nje ya timu ya taifa ya mpira wa mikono, na baba mtu, kwa mawazo, alikuwa ameshona suruali ya mteja miguu yote miwili ya kushoto.

— Wamemwacha mwanangu hivihivi, akasema Fundi. Mtoto anaucheza huo mchezo tangu yuko shule ya msingi!

— Shirikisho lile? Redio akadakia. Mwenyekiti wao nimeshamnyoa. Kichwa kile hakijawahi kuwaza mpira.

— Umeyaona mawazo yake kwa mashine ya kunyolea? nikauliza.

— Wewe si umekuja kusikiliza? Sikiliza.

Katiba akatua kikombe.

— Katiba yao inasema wazi, mwenyekiti sharti awe na mikono.

— Sasa nani hana mikono? akauliza Fundi.

— Ndiyo maana alipita bila kupingwa.

— Nyie hamwoni mbali, akasema Redio. Hii ni kazi ya watu wa soka. Watoto wakishazoea kuushika mpira, nani atakubali tena kuukimbiza kwa miguu juani? Wamepenyeza mtu wao mle ndani.

— Nani huyo?

— Hata mwenyewe hajijui. Hapo ndipo penye ujanja!

— Mimi nasema shirikisho lenyewe halipo, akasema Katiba. Kuna kibao, kuna mlango. Ukifungua mlango, ukuta.

— Kwa hiyo mwanangu kaachwa na ukuta? Fundi akauliza.

Alijaribu kucheka, machozi yakamlengalenga. Nilimwonea huruma sana. Sote tulimwonea, na kwa kuwa hatujui kumbembeleza mtu mzima, tukaunda shirikisho jipya palepale.

Fundi akawa mwenyekiti, Katiba katibu mkuu, Redio msemaji. Mambo yakaharibika tulipofika kwenye umakamu. Redio akautaka na huo, Katiba akasema kifungu hakiruhusu, Redio akasogea mwisho wa benchi na kutangaza shirikisho lake.

— Mama Kahawa, unalitambua lipi? Katiba akauliza.

— Litakalonirudishia vikombe vyangu.

Tulikuwa bado tunabishana bendera yetu, kipande cha kitambaa cha Fundi, ibaki upande gani wa benchi, binti akatokea, mkoba begani, raba mkononi.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanetu! yakaitikia mashirikisho yote mawili.

— Tunakupigania, mwanangu, akasema Fundi. Kesho tunawavamia ofisini. Mwenyekiti wao lazima aachie ngazi!

— Baba, wamekubali kunitazama tena. Leo, kwenye mechi ya saa kumi. Nilikuambia juzi, ukasema unashughulikia.

— Si ndiyo hivi nashughulikia?

Binti akatutazama mmoja mmoja.

— Haya. Mimi nacheza nafasi gani?

Fundi akamgeukia Katiba. Katiba akanigeukia mimi. Redio, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, akazimika.

— Mbele, nikajaribu.

— Mimi ni kipa, akasema, bila hasira, kama anayemwelekeza mgeni njia. Halafu akaondoka zake.

Hakuna aliyegusa kahawa. Fundi akavua tepu ya kupimia shingoni, akaitupia juu ya ile suruali, akainuka huku akitafuta kiatu kimoja chini ya benchi kwa mguu.

— Mwanangu, ngoja! Uwanja wenyewe uko wapi?

Binti alisimama katikati ya njia, akahamishia mkoba bega la pili, akamsubiri.