Hakutumwa Vitani na Waoka Keki

Ndugu, jamaa na majirani, tunayemuaga leo ni Colin James Threlkeld, aliyezaliwa tarehe 14 Machi 1984 hapa Workington, mtoto wa pili na wa mwisho wa marehemu Alan Threlkeld, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda cha chuma, na mama yetu Jean, mnayemwona hapo mbele, na historia hii inasomwa na dada yake, Lorna, ambaye familia imemwomba ajikaze mpaka mwisho.

Alianza shule ya msingi mwaka 1989, mtaa wa nyuma ya bandari, akamaliza sekondari Juni 2000, na kusema la haki hakuwa hodari wa vitabu, ila kufuli lolote lililokwama alilifungua kwa waya na subira. Tarehe 3 Septemba 2002 alijiunga na jeshi la Uingereza, na huko alifunzwa jambo moja lililomganda maisha yake yote, kwamba askari akiulizwa na mkubwa kama anaweza, jibu ni "Ndiyo, mkuu."

Alifunga ndoa na Janine tarehe 21 Julai 2007, wakajaliwa watoto wawili, Freya mwaka 2008 na Callum mwaka 2012. Tarehe 11 Agosti 2009, akiwa Helmand, Afghanistan, alikanyaga bomu lililofukiwa, akapoteza mguu wa kulia kuanzia juu ya goti, akalazwa Birmingham miezi minne, akarudi na mguu wa bandia, medali, na ahadi kwamba nchi haitamsahau. Hakukaa bure, alifungua kibanda cha ufundi wa kufuli, na wengi wenu mliofungiwa nje na mvua mnamjua kwa kazi hiyo.

Kigutu cha mguu hupungua kadiri miaka inavyokwenda, na ule mguu wa bandia ukaanza kumchubua, hivyo akaomba mguu mpya serikalini, na Mei 2014 akaitwa mbele ya afisa aliyemuuliza kama anaweza kutembea hatua ishirini. Colin, ambaye asubuhi hiyo alishuka ngazi kwa makalio, aliinuka, akakaza mgongo, akasema, "Ndiyo, mkuu," akazitembea zote ishirini huku damu ikiingia kwenye soksi, Janine akimkonyeza weee aseme ukweli, naye asimwone. Ikaandikwa kwamba anatembea, na ombi la mguu mpya likakataliwa.

Hapo ndipo dada yake Lorna alipoingia kwa pupa, akawakusanya akina mama wa kanisa hili wakaoka keki za kuuza, wanaume wakajitosa baharini kuchangisha fedha siku ya pili ya Krismasi, baridi ya kukata mifupa, na ndoo za michango zenye picha ya Colin zikasimamishwa nje ya maduka. Colin aliikuta sura yake kwenye ndoo alipokwenda kununua maziwa, akarudi nyumbani amenuna, akasema, "Dada, mimi sikutumwa vitani na waoka keki. Walionituma wana anwani." Lorna alimjibu, "Asante ya punda ni mateke. Basi kalie hiyo heshima yako, tuone kama itakufikisha chooni." Fedha zilitimia, naye aliupokea mguu ulionunuliwa, akaandika barua za shukrani mia moja na arobaini kwa mkono wake, na kwa miaka michache alitembea vizuri.

Mwaka 2019 aliomba tena serikalini, na safari hii alisema ukweli wote, lakini jibu lilisema mahitaji yake yalikwishatimizwa na wasamaria wema. Lorna aliisoma barua ile mara tatu jikoni kwa Janine, akaona kwamba keki zake ndizo zilizoufunga mlango, na kwamba aliyepiga mateke hakuwa Colin. Inamuuma hata anaposoma hapa, na Colin hakumlaumu hata siku moja.

Ule mguu wa keki ulichakaa mwaka 2022, mfuko wa wahisani ulikuwa umeishiwa, kigutu kikafanya kidonda, kidonda kikaingia kwenye damu, na baada ya wiki tatu hospitalini alifariki tarehe 9 Februari 2024, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na miaka thelathini na tisa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa mtaa wetu, askari wenzake waliobeba jeneza, na kila aliyeoka, aliyeogelea na aliyetia chochote kwenye ndoo, maana upendo wenu haukuwa kosa.

Mlipoingia mlitafuta kisanduku cha michango, kama ilivyo desturi yetu, hamkukiona, mkakuta karatasi, kalamu, na anwani ya mbunge. Colin aliagiza hivyo mwenyewe, kila mtu aandike mistari michache kuuliza askari aliyeumia ni wa nani. Barua ya kwanza ni ya Lorna, amechelewa miaka kumi.

Pumzika kwa amani, mdogo wangu, leo hakuna anayekuamuru usimame.