Historia ya Baba Yetu, Fundi wa Visu Aliyetazama Mkono wa Kushoto

Ndugu zetu, majirani, mafundi wenzake baba, na nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kusimama na sisi, mimi ni kitinda mimba wa marehemu, kaka yangu ndiye aliyepaswa kusoma haya lakini tangu asubuhi sauti imemkauka, basi nimepewa mimi, na mtoto wangu nimemwomba shangazi ambebe hapa mbele, mahali ninapomwona, kwa hiyo mnisamehe nikiinua macho mara kwa mara, sababu yake itakuja humu humu.

Baba yetu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1958, mtoto wa tatu wa mshona viatu na muuza mkaa, katika chumba kilichopakana na karakana ya seremala, na bibi alikuwa akisema mtoto huyu alisikia msumeno kabla hajasikia sauti ya mama yake. Alianza shule ya msingi Januari 1966 akamaliza mwaka 1972, alikuwa mzuri wa hesabu na mbovu wa kunyamaza, hata mwalimu wa darasa la sita alimbandika jina la Kinanda, maana ukimgusa tu anatoa sauti, na wazee aliosoma nao ambao wako hapa leo wanalijua jina hilo kuliko lile la kwenye cheti.

Mwaka 1973 alichukuliwa na mjomba wake, mnoa mikasi ya washonaji na visu vya wauza nyama, akakaa kwenye jiwe la kuzungushwa kwa mguu mpaka mwaka 1981, alipofungua kibanda chake mwenyewe kati ya fundi redio na mchomelea vyuma, na hapo ndipo alipoanza kazi iliyomjulisha kwa watu, kazi ya visu vya kukunja, bapa akilitoa kwenye springi za magari mabovu, mpini akiuchonga kwa mti mgumu, na pini ya katikati akiigonga mwenyewe, hakumwachia mtu mwingine pini hata siku moja.

Watu wa mtaani walipenda kubishana pale kibandani, kisu cha kukunja kinakuwa cha mapambano kwa kitu gani, na mlinzi wa ghala, ambaye namwona pale nyuma, ndiye aliyekuwa bingwa wa ubishi huo, akisema, "Fundi, hiki cha vita kabisa, bapa jeusi, mpini hautelezi, kina kibanio cha mfukoni, kina kitufe cha kidole gumba, na kikifunguka kinajifunga kufuli, sasa unataka nini tena?" na baba anamjibu bila kuacha kupiga tupa, "Hayo ni mavazi tu, shemeji, hata sufuria ya mke wangu ni nyeusi, je, nayo imeitwa jeshini?" Alikuwa akisema kwamba kitu chenye maana ni kimoja, kwamba kisu cha namna hiyo hufunguka kwa mkono mmoja, na kikishafunguka kwa mkono mmoja, mkono wa pili unabaki huru, basi kazi ya mkono wa pili ndiyo jina la kisu.

Kwa sababu hiyo alikuwa na desturi yake ambayo sijaiona kwa fundi mwingine, hakuuliza mteja swali lolote wakati wa kupokea kazi, alisema swali la mapema linaharibu mkono wa fundi, alimaliza kisu chote, akakipaka mafuta, ndipo akakiweka kimefungwa kwenye kiganja cha kulia cha mteja, naye akatazama mkono wa kushoto, maana mkono ulioshika kisu hujifunza adabu, ila ule mwingine hausemi uongo. Seremala mkono wake wa kushoto ulishuka kama unakandamiza ubao, mpishi alikunja ncha za vidole ndani, na kijana mmoja wa kikosi cha uokoaji, aliyeagiza kisu cheusi chenye kila kitu alichotaja mlinzi, mkono wake ulipanda juu ukakamata hewa kama mtu aliyening'inia kwenye kamba, baba akacheka akamwambia, "Chukua mwanangu, hiki ni cha kazi."

Tarehe 6 Desemba 1986 alifunga ndoa na mama yetu, mshonaji, na hadithi ya ndoa hiyo ni ile ile, mama alikuja kuchukua kisu kidogo cha kukatia nyuzi, kikawekwa kiganjani, na mkono wake wa kushoto ukaenda moja kwa moja kwenye kola ya baba ukashika uzi uliolegea, akamwambia, "Fundi, shati hili linakuaibisha," na baba alituambia kwamba hapo hapo alijua maisha yake yamekwisha kupangwa. Mungu aliwajalia watoto wawili, kaka yangu mwaka 1989 na mimi mwaka 1999, na mjukuu mmoja, mwanangu huyu, aliyezaliwa tarehe 2 Julai 2023.

Sasa naomba mnisikilize vizuri hapa. Juni mwaka huo, nikiwa mjamzito wa miezi minane nimerudi kukaa kwa wazazi, alikuja mteja mmoja mpole, akaagiza kisu sawasawa na kile cha yule kijana wa uokoaji, kila kitu sawa, baba akakitengeneza, siku ya kukichukua akamwekea kiganjani kama kawaida, nami nilikuwa nimekaa kwenye stuli pembeni nikaona kwa macho yangu, mkono wa kushoto wa yule bwana ulipanda taratibu, vidole vimefunguka, ukasimama hewani usawa wa shingo, shingo ya mtu aliyempa mgongo, mtu ambaye hayupo, ukakaa hapo, na uso wake ulikuwa unatabasamu tu kama mtu anayesubiri chai. Baba alikitwaa kile kisu akasema, "Bado kinakwama kidogo, njoo siku nyingine," na yule bwana akajibu, "Hakuna neno fundi, mimi nina subira," na tangu siku hiyo mchomelea vyuma akampa jina la Bwana Subira.

Bwana Subira akawa anakuja kila wiki, hagombi, hadai, anasimama mlangoni, anaambiwa bado, anasema hakuna neno, anaondoka, hata siku ya mvua kubwa alisimama pale, na alipoondoka sakafu ilikuwa kavu. Mama alimwambia baba akivunje kisu kile yaishe, lakini baba hakuwahi kuvunja kazi aliyoimaliza, alisema kukivunja hawezi na kukitoa hatakitoa, basi kikabaki kwenye droo.

Mwezi Novemba baba alianza kuumwa, na ugonjwa ulianzia mkono wa kushoto, tukiwa mezani mkono ulijipandisha wenyewe, vidole vimefunguka, ukasimama usawa wa shingo, tukadhani anatutania, maana mzaha ulikuwa wake, lakini tulipomtazama machoni tukaona naye anautazama kama sisi. Tarehe 4 Desemba alipimwa katika hospitali kubwa, madaktari wakaona uvimbe kichwani, wakatueleza kwa upole kwamba uvimbe wa mahali pale unaweza kuusogeza mkono bila mwenyewe kutaka, nasi tuliwaamini na tunawaamini, ila ilifika mahali mama hakai tena upande wake wa kushoto, na baba mwenyewe aliomba mkono ufungwe kwa kitambaa kwenye ukingo wa kitanda, akasema, "Huu si wangu, huu unangoja mtu." Alifariki Jumamosi tarehe 9 Machi 2024, saa nne asubuhi, wodi ya wanaume, na tulipofungua kitambaa mkono ukashuka wenyewe kifuani, mwepesi, kama wa mtoto aliyelala.

Juzi hapa msibani Bwana Subira alikuja kutoa pole, akamweleza baba mdogo kwamba ana kazi yake kwa marehemu, na baba mdogo, kwa nia njema kabisa, akamwahidi atapewa baada ya mazishi, akasema mali ya mteja ni amana. Mimi nilikataa, akaniambia, "Binti, usimvunjie baba yako heshima kwa woga wa wazazi wapya," na mama akainua kichwa, "Mimi nimelala na mkono ule miezi minne, shemeji, wewe ulilala na nani?" watu wakacheka katikati ya kilio, na jana mchana mchomelea vyuma alikitoa kisu kile kwenye droo, akalichoma bapa mpaka likalegea kama bati, akang'oa pini, akalikata vipande mbele yetu sote.

Bwana Subira aliporudi jana jioni akaambiwa, hakukasirika. Nilikuwa nimembeba mwanangu, na siku hizi tatu kila anayeingia anamtania mtoto, fundi wetu mpya huyu, basi naye akanyoosha kidole, mtoto akakikamata, akasema, "Mkono huu una nguvu," kisha akanitazama mimi, "Hakuna neno mama, nitangoja huyu akue." Akatoka. Leo nimetazama nyuso zenu zote tangu saa mbili, na siwezi kusema kama yupo, kwa sababu uso wake siukumbuki, nimemuuliza mama, naye haukumbuki, mchomelea haukumbuki, mlinzi wa ghala ambaye kazi yake ni kukumbuka nyuso haukumbuki, sote tunaukumbuka mkono tu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia baba kwa miezi yote hiyo, inawashukuru mafundi wa safu yetu waliofunga vibanda vyao, fundi redio aliyetupa usafiri, majirani mliopika na kufua na kulala sakafuni na sisi. Kwa kawaida hapa husemwa kwamba hatuna cha kuwalipa, nami sina, ila nina ombi, mtoto wangu ameanza kusimama kwa kushika ukuta, hivi karibuni atatembea, na mimi siwezi kuwa na macho pande zote, kwa hiyo mkimwona njiani peke yake, au mkimwona na mtu mpole msiyemjua, tafadhali msipite, msione haya kuuliza, mchukueni mumlete nyumbani, hata kama ni jirani tuliyegombana naye, hata miaka kumi ijayo, hata kama mimi mwenyewe nitakuwa nimeshaanza kusahau.

Baba, sisi hatulali bado, wewe pumzika kwa amani.